Namna ya Kutafuta Kwasari za Mbali katika Takwimu za Upimaji wa Anga

Mradi wa Sloan Digital Sky Survey, ulioanza kupima anga mwaka 2000 kwa darubini yenye kioo cha mita 2.5 iliyoko Apache Point, New Mexico, uliorodhesha mamia ya mamilioni ya magimba ya angani. Miongoni mwa hayo yote, kwasari (viini vya galaksi ving'aavyo mno) zenye mhamo mwekundu, yaani kipimo cha kurefuka kwa mwanga safarini, unaozidi 5.7 zilikuwa 52 tu pale watafiti walipofunga hesabu yao mwaka 2016. Uwiano huo ndio unaoamua kila hatua ya kazi inayoelezwa hapa. Takwimu zimejaa tele na nyingi hutolewa bure, hata kwa mtu aliyeketi Morogoro na kompyuta ya kawaida. Kilicho adimu ni saa za darubini kubwa za kuthibitishia, na kwa sababu hiyo karibu ustadi wote wa mtafutaji umo katika kuondoa magimba yasiyohusika bila kuitupa kwasari yenyewe pamoja nayo.

Kujua kinachotafutwa

Kwasari ni kiini cha galaksi ambamo shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni hadi mabilioni ya Jua linameza gesi, na gesi hiyo, kabla ya kutumbukia, hupata joto kali na kung'aa kuliko nyota zote za galaksi hiyo zikijumlishwa. Ile ya kwanza kutambuliwa, 3C 273, ambayo Maarten Schmidt aliisoma mwaka 1963, ina mhamo wa 0.158. Zinazozungumziwa hapa zina mhamo wa 6 na zaidi, maana yake mwanga wake uliondoka huko ulimwengu ukiwa haujatimiza miaka bilioni moja.

Mhamo mwekundu ni kipimo cha jinsi mawimbi ya mwanga yalivyorefushwa na kutanuka kwa ulimwengu yakiwa safarini. Ukijumlisha 1 kwenye mhamo, unapata idadi ya mara ambazo kila wimbi limerefuka. Hesabu hii ndogo ndiyo ufunguo wa kazi yote, kwa kuwa haidrojeni ya kwasari hutoa mstari wenye nguvu sana uitwao Lyman-alpha katika urefu wa nanomita 121.6, ndani ya eneo la urujuanimno. Kwa kwasari yenye mhamo wa 5, mstari huo utaufikia mtambo wako ukiwa na nanomita 730. Kwa mhamo wa 6 utakuwa 851. Kwa mhamo wa 7 utakuwa 973. Na kitu muhimu zaidi ni kinachotokea upande wa kushoto wa mstari huo. Haidrojeni iliyotapakaa kati ya galaksi hunyonya mwanga wa mawimbi mafupi zaidi, na kwa mhamo wa karibu 6 huunyonya karibu wote. James Gunn na Bruce Peterson walilitabiri jambo hilo mwaka 1965, na dalili yake kamili ikaonekana mwaka 2001 katika spektra, yaani mwanga uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi, ya kwasari iitwayo J1030+0524, yenye mhamo wa 6.28.

Kwa hiyo kwasari ya mbali ni gimba ambalo halipo katika picha za buluu, halipo katika za kijani, halipo hata katika nyekundu, kisha linajitokeza ghafla likiwa na mwanga wa kutosha. Vichujio vya darubini nyingi za upimaji huitwa kwa herufi g, r, i, z na y, kuanzia mawimbi mafupi kwenda marefu. Kwa bahati mbaya wanaastronomia hutumia herufi z kwa mhamo mwekundu pia, na mgeni huchanganyikiwa; katika mwongozo huu z ni kichujio wakati wote.

Amua mapema ni mhamo gani unaoutafuta, kwa sababu uamuzi huo ndio unaochagua vichujio. Kwa mhamo wa 5.7 hadi 6.4 hivi, gimba hupotea katika i na kuonekana katika z. Kwa mhamo wa 6.5 hadi 7, z nayo hufifia na y hubaki, jambo lililowezekana kwa eneo kubwa la anga kupitia Pan-STARRS1, darubini ya mita 1.8 iliyoko Haleakalā, Hawaii, iliyopima robo tatu za anga. Zaidi ya 7 mstari wa Lyman-alpha hukaribia na kuvuka nanomita 1,000, ambako vihisi vya silikoni huanza kuwa vipofu, na hapo hakuna njia isipokuwa infraredi, yaani mwanga wa mawimbi marefu kuliko yanayoonekana kwa macho. Ndiyo maana J1120+0641, yenye mhamo wa 7.085, ilisubiri upimaji wa infraredi wa UKIDSS hadi ilipotangazwa mwaka 2011, na ndiyo maana hadi mwaka 2021 kwasari zilizojulikana kuvuka 7.5 zilikuwa tatu tu, ya mbali zaidi ikiwa J0313−1806 yenye mhamo wa 7.64. Majina hayo, kwa njia, ni anwani: J1120+0641 ni gimba lililoko saa 11 na dakika 20 za longitudo ya anga, na digrii 6 na dakika 41 kaskazini mwa ikweta ya anga.

Anayeanza namshauri achague mhamo wa karibu 6. Kuvuka 8 ni kazi inayosubiri zaidi setilaiti ya Euclid, iliyorushwa Julai 2023, na si uwanja mzuri wa kujifunzia.

Kukusanya takwimu

Usianze na anga nzima. Anza na ukanda uitwao Stripe 82, wenye ukubwa wa digrii za mraba 300 hivi kandokando ya ikweta ya anga. Mradi wa Sloan uliupiga picha mara nyingi na kuziunganisha, hivyo unaonyesha magimba hafifu kuliko sehemu nyingine za mradi huo. Na kwa kuwa uko kwenye ikweta, darubini za Hawaii na za Chile zote huufikia, kwa hiyo una vipimo vya vichujio vingi kutoka miradi mbalimbali. Faida kubwa zaidi ni kwamba kwasari kadhaa za mhamo wa karibu 6 zimekwisha kupatikana humo. Utakuwa na majibu ya kulinganishia kazi yako.

Takwimu za Sloan hupatikana kupitia tovuti zake za SkyServer na CasJobs. Za Pan-STARRS huhifadhiwa Baltimore katika hifadhidata ya MAST. Za UKIDSS na za darubini ya VISTA ziko Edinburgh. Za setilaiti ya WISE, iliyopima anga yote katika infraredi kuanzia mwaka 2010, ziko katika hifadhidata ya IRSA huko California. Zote huulizwa kwa lugha ya SQL au kitu kinachofanana nayo sana, na majedwali yake huunganishwa kwa urahisi na programu ya bure ya TOPCAT. Unganisha magimba kwa mahali yalipo: sekunde 1 ya tao (sehemu moja ya 3,600 ya digrii) yatosha kati ya picha za mwanga wa kawaida na za infraredi ya karibu. WISE ilikuwa na kioo cha sentimita 40 tu na picha zake zina ukungu wa sekunde 6 hivi, kwa hiyo panua nafasi hadi sekunde 2 au 3, na utilie shaka kila kipimo chake ambacho kina jirani mng'avu.

Mambo mawili huharibu kazi hapa kimyakimya, bila kompyuta kulalamika. La kwanza ni mizani. Uangavu hupimwa kwa magnitudo, ambapo nambari kubwa humaanisha gimba hafifu, lakini sufuri ya kipimo hicho haiko mahali pamoja kwa kila mradi. Sloan na Pan-STARRS hutumia mizani ya AB. UKIDSS na WISE hutumia mizani ya nyota Vega. Kuhamisha kipimo cha J, kichujio cha infraredi ya karibu, kutoka Vega kwenda AB huongezwa 0.94; kwa vichujio vya WISE, cha W1 huongezwa 2.70 na cha W2 huongezwa 3.34. Kila sharti la rangi unalolisoma mahali popote liulize kwanza limeandikwa katika mizani ipi.

La pili ni magimba yasiyoonekana. Kwasari yako haimo katika g na r, na hifadhidata nyingine zitakuandikia −999 mahali pa kipimo kinachokosekana, nambari ambayo ukiitumia katika hesabu ya kutoa itakupa rangi za ajabu. Ni bora kutumia kiasi cha mwanga chenyewe badala ya magnitudo, kwa sababu kiasi cha mwanga kinaweza kuwa sufuri au hata hasi kidogo kwa sababu ya kelele za picha na bado kikabaki na maana. Bora zaidi ni kipimo cha kulazimisha: unaipa programu mahali gimba lilipoonekana katika z, nayo inapima mwanga mahali hapo hapo katika g, r na i, hata kama hakuna kitu kilichotambuliwa. Jibu la "hakuna mwanga, na kosa la kipimo ni dogo" lina thamani kubwa kuliko pengo kwenye jedwali.

Mwisho, sahihisha athari ya vumbi la Njia Nyeupe kwa kutumia ramani za Schlegel, Finkbeiner na Davis za mwaka 1998, na uache kabisa maeneo yaliyo ndani ya digrii 20 za ukanda wa Njia Nyeupe, ambako vumbi na msongamano wa nyota vitakuletea makosa mengi kuliko kwasari.

Masharti ya rangi, na magimba yanayojifanya kwasari

Rangi, kwa mwanaastronomia, ni tofauti ya magnitudo kati ya vichujio viwili. Masharti ambayo Xiaohui Fan na wenzake waliyatumia katika mradi wa Sloan bado ni shule nzuri: i ukitoa z iwe zaidi ya 2.2, z ukitoa J, hiyo J ikiwa katika mizani ya Vega, iwe chini ya 1.5, na kosa la kipimo cha z liwe chini ya 0.1. Ongeza kwamba gimba lisiwe na mwanga wowote wa kuaminika katika g. Sharti la kwanza linakamata kushuka kwa ghafla kwa mwanga. Sharti la pili linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndilo linalobeba uzito wa kazi.

Adui mkubwa wa mtafutaji wa kwasari ni magimba ya jirani kabisa, yaani nyota vibete nyekundu za aina ya M pamoja na vibete kahawia vya aina za L na T. Vibete kahawia havikupata uzito wa kutosha kuchoma haidrojeni kama Jua. Vya aina ya T vina joto la chini ya kelvini 1,500 hivi, na angahewa zao zimejaa mvuke wa maji na methani. Magimba hayo hutoa mwanga kidogo sana katika i na mwingi zaidi katika z, kwa hiyo ukitazama vichujio hivyo viwili pekee huwezi kuyatofautisha na kwasari ya mhamo wa 6, na ni mengi kuliko kwasari hizo kwa kiasi kikubwa mno. Hata hivyo sababu za wekundu wao ni tofauti. Kibete kahawia ni kitu baridi, kwa hiyo mwanga wake huendelea kupanda kuelekea infraredi, na z ukitoa J kwa kawaida huzidi 2. Kwasari ni kitu cha moto kilichokatwa upande mmoja: baada ya mstari wa Lyman-alpha mwanga wake huwa karibu tambarare, na J haiizidi z kwa kiasi hicho. Bila kipimo cha J, au y kwa uchache, orodha yako itakuwa orodha ya vibete.

WISE husaidia pia. Methani hunyonya mwanga wa mikromita 3.3, ndani ya kichujio cha W1, kwa hiyo kwa vibete vya T tofauti ya W1 na W2 huwa kubwa sana, ilhali kwa vibete vya M na L huwa ndogo. Kwasari hukaa katikati. Sharti hili peke yake halitoshi kuthibitisha chochote, lakini likiungana na z na J hupunguza orodha kwa kiasi kikubwa.

Kipimo kingine ni mwendo. Kibete kilicho jirani husogea angani kwa kiasi kinachopimika, kwasari haisogei. Setilaiti ya Gaia hupima mwendo huo kwa ustadi mkubwa, ila haioni magimba hafifu zaidi ya magnitudo 21 hivi, na kwasari za mhamo wa 6 kwa kawaida ni hafifu mno kwake. Badala yake linganisha mahali gimba lilipo katika picha za Sloan na katika picha zilizopigwa miaka kumi baadaye. Kusogea kwa nusu sekunde ya tao kunatosha kulifuta kwenye orodha.

Kuna pia eneo ambalo masharti haya hushindwa kabisa, na ni vizuri kulijua ili usidhani umegundua jambo. Kwa mhamo wa 5.3 hadi 5.7, rangi za kwasari katika r, i na z hupita mlemle zinamopita rangi za vibete vya M. Kwa miaka mingi orodha za kwasari zilikuwa na pengo hapo. Pengo hilo lilikuwa la mbinu wala si la ulimwengu, na lilianza kuzibwa pale watafiti walipoongeza vipimo vya infraredi.

Kutazama picha kwa macho

Masharti yote yakishapita, sehemu kubwa ya kilichobaki bado ni takataka, na hakuna programu inayoitambua takataka hiyo vizuri kama jicho la mtu aliyetulia. Kata picha ndogo ya kila mshukiwa katika kila kichujio, zipange kwa safu, kisha uzitazame moja baada ya nyingine. Mradi wa Sloan kwa sehemu kubwa ya anga ulipiga picha moja tu kwa kila kichujio, kwa hiyo chembe ya miale ya kosmiki iliyogonga kihisi cha z wakati huo hujiandikisha kama gimba lisilo na mwanga katika i. Utaitambua kwa kuwa ni kali mno, pengine pikseli moja au mbili, ilhali nyota jirani zimetanuka. Sayari ndogo iliyopita itaonekana katika picha ya siku moja na kukosekana katika nyingine. Miale ya msalaba inayozunguka nyota ng'avu na vivuli vya mwanga ndani ya darubini hujirudia mahali panapotabirika. Ukipata picha ya mradi wa pili, iliyopigwa mwaka mwingine, na gimba likawa mahali palepale na uangavu uleule, takataka nyingi zitakuwa zimekwisha kuondoka.

Wanaobaki wapangwe kwa uwezekano. Daniel Mortlock na wenzake, walioipata J1120+0641, walikadiria kwa kila gimba uwezekano wa kuwa kwasari ukilinganishwa na uwezekano wa kuwa kibete cha M, wakizingatia pia idadi inayotarajiwa ya kila aina kwa uangavu huo. Njia hiyo huadhibu mshukiwa ambaye rangi zake zinaafikiana na kwasari kwa bahati tu. Siku hizi wengi hufundisha kompyuta kwa mifano, jambo ambalo lina hatari yake: mashine hutambua kinachofanana na ilichofundishwa. J0529−4351, iliyotangazwa Februari 2024 na kundi la Christian Wolf wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia kuwa gimba ng'avu kuliko yote yanayojulikana, ilikuwamo katika picha za mwaka 1980, na uchambuzi wa kompyuta wa takwimu za Gaia ulikuwa umeiweka katika kundi la nyota kwa sababu iling'aa kupita mifano ya kwasari. Mhamo wake ni 3.96 tu, lakini funzo linahusu mhamo wowote.

Kwa hiyo kabla ya kuamini masharti yako, yapitishie kwasari zinazojulikana tayari, ambazo utazipata katika hifadhidata za SIMBAD na NED na katika orodha ya Milliquas. Ikiwa masharti yanatupa nusu ya kwasari halali, yalegeze. Ikiwa hayatupi hata moja, yaelekea ni mapana mno na yatakuletea vibete visivyo na idadi. Orodha hizo hizo zitakuonyesha pia kama mshukiwa wako alikwisha kutangazwa na mtu mwingine.

Spektra

Hakuna rangi inayothibitisha kwasari. Kinachothibitisha ni spektra, na kwa gimba la magnitudo 20 au 21 katika z inahitajika darubini kubwa: Magellan za mita 6.5, Gemini za mita 8.1, Keck za mita 10, au VLT. Barani Afrika iko SALT huko Sutherland, Afrika Kusini, yenye kioo cha mita 10 hivi, ambayo saa zake hugawiwa kwa maombi kupitia taasisi wanachama. Spektrografu yake kuu, RSS, hufika nanomita 900, kwa hiyo inafaa kuonyesha mstari wa Lyman-alpha hadi mhamo wa 6.3 hivi na si zaidi. SALT pia haifiki kaskazini ya digrii 10 hivi, sababu nyingine ya kupenda Stripe 82. Katika ombi lako, onyesha picha za kila mshukiwa, rangi zake, na idadi ya kwasari unayoitarajia kutokana na jaribio la masharti. Kamati zinazogawa saa huuliza hasa hilo la mwisho.

Spektra ikifika, tazama kwanza kama mwanga unaanguka kwa ghafla, kama ukuta, na upande wa kulia wa ukuta huo kuna mstari mpana wa Lyman-alpha uliochanganyika na ule wa naitrojeni wa nanomita 124. Kibete hakina ukuta. Kina mabonde mapana ya molekuli yanayoshuka na kupanda. Angalia pia kwamba unachokiona si mabaki ya mistari ya hidroksili ya angahewa yetu, ambayo katika eneo la nanomita 800 hadi 1,000 ni mikali na huacha makovu isipoondolewa vizuri. Walioonekana kuwa vibete waandikwe na mahali pao, kwa kuwa ndio mifano halisi ya kuboreshea masharti ya duru inayofuata.

Mhamo unaosomwa kwenye Lyman-alpha ni wa makadirio, maana upande mmoja wa mstari huo umeliwa na haidrojeni iliyo njiani. Uandike kwa desimali mbili, si zaidi. Kipimo bora hutoka kwenye mstari wa magnesi wa nanomita 279.8, ambao ndio unaotumiwa pia kukadiria uzito wa shimo jeusi. Kwa kwasari ya mhamo wa 6.5 mstari huo huwa katika nanomita 2,099, mahali pazuri pa spektrografu za infraredi. Kwa mhamo wa 6 hasa huangukia 1,959, ambako mvuke wa maji wa angahewa hunyonya mwanga mwingi, na itabidi utumie mstari wa kaboni wa nanomita 154.9 ukijua kwamba gesi inayoutoa mara nyingi inapulizwa kuelekea kwetu, na kwa hiyo mhamo utakaousoma hapo utapungua kidogo kuliko ulivyo kweli.